Programu ya Kukagua Usalama wa Mifumo ya Wingu: Ipewe Macho, Isipewe Mikono

Mfanyabiashara wa Kilindoni anayehitaji leseni ya biashara leo anaweza kuanza safari yake akiwa dukani kwake. Hujaza maombi katika mfumo wa TAUSI, hupata namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha hulipa kwa simu ya mkononi. Mgeni anayetarajia kulala Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, naye hutuma jina lake, tarehe za safari na mara nyingine nakala ya pasipoti kabla hajapanda ndege au boti. Wote wawili huacha taarifa zao katika kompyuta ambazo pengine hawataziona maishani mwao.

Nyingi ya kompyuta za namna hiyo haziko kisiwani. Ziko katika vituo vya kuhifadhia data, baadhi ndani ya nchi na baadhi nje, na wanaozitumia huzifikia kwa njia ya intaneti. Utaratibu huo wa kutumia uwezo wa kompyuta zilizo mbali, kwa kulipia kile tu kinachotumika, ndio unaoitwa huduma ya wingu. Umepunguza gharama za kununua na kutunza mitambo, lakini umezaa swali jipya: nani huhakikisha kwamba milango ya wingu hilo imefungwa?

Sehemu ya jibu ni programu za kukagua usalama. Programu hizi hupita katika akaunti ya taasisi au biashara iliyoko katika wingu, hutazama jinsi ilivyopangwa, kisha hutoa ripoti ya kasoro. Ili zifanye kazi hiyo, lazima zipewe vitambulisho vya kuingilia na ruhusa za kutazama. Hapo ndipo penye jambo linalohitaji uangalifu: programu iliyoletwa kulinda mfumo inaweza yenyewe kuwa njia ya kuuvamia mfumo huo, ikiwa imepewa ruhusa kubwa kuliko kazi yake. Kanuni inayopaswa kuongoza ni fupi. Mkaguzi apewe macho, asipewe mikono, na macho hayo yawe na kikomo cha muda.

Mwenye nyumba na mpangaji

Wengi hudhani kwamba kampuni inayotoa huduma ya wingu ndiyo yenye jukumu lote la usalama. Sivyo. Majukumu hayo yamegawanywa, kama ilivyo kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba huhakikisha kuta ni imara, paa halivuji na lango la nje lina mlinzi. Mpangaji ndiye anayefunga chumba chake, ndiye anayeamua nani apewe ufunguo, na ndiye atakayelaumiwa akiacha dirisha wazi usiku.

Katika wingu, dirisha lililoachwa wazi huwa na sura mbalimbali. Inaweza kuwa hazina ya mafaili iliyowekwa hadharani bila kukusudia, kiasi kwamba mtu yeyote mwenye anwani yake anaweza kuifungua. Inaweza kuwa akaunti ya mtumishi aliyeacha kazi lakini haijafutwa. Inaweza kuwa akaunti kuu inayolindwa kwa nywila peke yake, bila uthibitisho wa hatua mbili. Inaweza pia kuwa kanzidata isiyo na nakala rudufu, au daftari la matukio lililozimwa, hata ikawa hakuna kumbukumbu ya nani aliingia na alifanya nini.

Kasoro kama hizo ni ngumu kuonekana kwa macho ya mtu mmoja, kwa kuwa akaunti ya kawaida huwa na mipangilio mingi inayobadilika mara kwa mara. Ndiyo sababu zikatengenezwa programu za ukaguzi. Zipo zinazouzwa na makampuni, na zipo za chanzo huria kama Prowler na ScoutSuite, ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuzitumia. Prowler hupima mamia ya vipengele na kueleza kila kasoro pamoja na uzito wake.

Ufunguo mmoja, hasara kubwa

Historia fupi ya huduma za wingu imeonesha kwamba uvamizi mwingi hauhitaji kuvunja chochote. Mvamizi hupata ufunguo halali, huutumia, na mfumo humkaribisha kama mwenyeji.

Mwezi Juni 2014, kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikihifadhi kazi za watengenezaji wa programu katika wingu la Amazon, ilivamiwa na mtu aliyepata njia ya kuingia katika ukurasa wake wa usimamizi. Mvamizi alidai fedha. Kampuni ilipojaribu kumtoa, alianza kufuta. Kwa muda wa takriban nusu siku, sehemu kubwa ya data pamoja na nakala zake rudufu ilikuwa imetoweka, na kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara. Nakala rudufu zilikuwapo, lakini aliyepata ufunguo wa nyumba alikuwa amepata na ufunguo wa ghala.

Mwaka 2016, wavamizi waliingia katika hifadhi binafsi ya msimbo wa kampuni ya usafiri ya Uber na kukuta humo ufunguo wa kuingilia katika wingu. Kwa ufunguo huo walichukua taarifa za abiria na madereva wapatao milioni 57. Umma haukuelezwa hadi Novemba 2017.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya benki ya Capital One ya Marekani. Kinga ya mtandao iliyopangwa vibaya ilimwezesha mvamizi kupata vitambulisho vya muda vya mojawapo ya nyadhifa za ndani ya mfumo. Wadhifa huo ulikuwa na ruhusa ya kusoma hazina nyingi za mafaili. Taarifa za watu wapatao milioni 106 nchini Marekani na Kanada ziliguswa, na mwaka uliofuata mamlaka ya Marekani inayosimamia benki iliitoza benki hiyo faini ya dola milioni 80.

Matukio hayo matatu hayakusababishwa na programu za ukaguzi. Hata hivyo, somo lake linazihusu moja kwa moja. Programu ya ukaguzi hupewa vitambulisho vinavyofika karibu kila kona ya akaunti, kwa kuwa bila hivyo haiwezi kukagua. Vitambulisho hivyo vikivuja vikiwa na ruhusa za kubadilisha na kufuta, mhalifu huwa amekabidhiwa nyumba nzima.

Hatua za kuandaa vitambulisho vya mkaguzi

Mfano wa kufikirika utasaidia kueleza. Biashara ya kupokea wageni iliyoko Utende inahifadhi katika wingu orodha ya wageni, nakala za pasipoti na kumbukumbu za malipo. Kabla ya msimu wa kutazama papa potwe, unaoanza Oktoba hadi Machi, mmiliki anaamua kukagua usalama wa akaunti hiyo. Anamtumia mtaalamu wa TEHAMA aliyeko Dar es Salaam, ambaye atafanya kazi hiyo kwa mbali. Hatua zinazopaswa kufuatwa ni hizi.

Hatua ya kwanza ni idhini ya maandishi. Hati hiyo itaje akaunti itakayokaguliwa, programu itakayotumika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la anayehusika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Idhini ya maandishi humlinda mwenye mfumo, na humlinda mtaalamu pia.

Hatua ya pili ni kuipa programu utambulisho wake yenyewe. Isitumie akaunti kuu ya mmiliki, wala jina na nywila ya mtumishi. Panapotumika akaunti ya mtu, daftari la matukio huonesha jina la mtu huyo hata pale kazi ilipofanywa na programu, na likitokea tatizo hakuna atakayejua ukweli. Utambulisho wa pekee huwezesha pia kuuzima siku yoyote bila kumzuia mtumishi kuendelea na kazi zake.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote, ni kuchagua ruhusa. Kampuni za wingu zimekwisha kuandaa vifurushi vya ruhusa kwa ajili ya wakaguzi. Katika wingu la Amazon kipo kifurushi kinachoitwa SecurityAudit. Katika Google Cloud upo wadhifa wa Security Reviewer. Katika Microsoft Azure hutumika wadhifa wa Reader. Vifurushi hivyo humwezesha mkaguzi kuona mipangilio bila kuweza kuibadilisha.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Katika wingu la Amazon kipo pia kifurushi kiitwacho ReadOnlyAccess, na mtu akisikia kwamba ni cha kusoma tu, hukiona salama. Tofauti yake na kile cha SecurityAudit ni kubwa. SecurityAudit hutazama mipangilio: je, hazina hii iko wazi kwa umma, je, imesimbwa, je, ina daftari la matukio? ReadOnlyAccess huruhusu hata kufungua yaliyomo ndani ya hazina. Kwa biashara ya Utende, maana yake ni kwamba mwenye ruhusa ya kwanza ataona kwamba kabati la pasipoti halina kufuli, ilhali mwenye ruhusa ya pili anaweza kuzichukua pasipoti zenyewe na kuzisoma moja baada ya nyingine. Mkaguzi wa usalama hahitaji kujua mgeni ni nani ili aseme kabati lifungwe.

Hatua ya nne ni muda. Zamani ilizoeleka kutengeneza ufunguo wa kudumu, yaani jozi ya maandishi marefu, na kumtumia mtaalamu. Ufunguo wa namna hiyo hufanya kazi mpaka atakapotokea mtu wa kuuzima, na mara nyingi hatokei. Njia iliyo bora ni kutengeneza wadhifa ambao mtaalamu huuchukua kwa muda. Katika wingu la Amazon, vitambulisho vinavyotokana na wadhifa kwa kawaida hudumu saa 1, na haviwezi kuzidi saa 12. Muda ukiisha, maandishi yale hayafungui tena kitu, hata yakiangukia mikononi mwa mwingine. Pale mtandao unapokatika mara kwa mara, ni vyema programu ya ukaguzi iendeshwe kutoka katika kompyuta iliyo ndani ya wingu lenyewe, ili kazi isikatike njiani na kumshawishi mtu kurefusha muda pasipo sababu.

Hatua ya tano inahusu mtaalamu anayehudumia wateja wengi. Ikiwa mfumo wa mtaalamu umepewa nyadhifa katika akaunti za wateja 20, mteja mmoja mwenye nia mbaya anaweza kuuhadaa mfumo huo uingie katika akaunti ya mwenzake, kwa kutaja tu wadhifa usio wake. Kinga yake ni namba maalumu ya mteja. Mtaalamu hutoa namba tofauti kwa kila mteja, na wadhifa hupangwa ukubali maombi yanayokuja na namba hiyo tu. Mmiliki wa biashara asisite kuuliza kama namba hiyo imewekwa.

Hatua ya sita ni utunzaji. Pale ambapo ufunguo wa kudumu hauepukiki, usitumwe kwa WhatsApp wala kwa barua pepe, usiandikwe ndani ya msimbo wa programu, na usiachwe katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Uhifadhiwe katika programu maalumu ya kutunzia siri, na ubadilishwe kwa vipindi vilivyopangwa.

Hatua ya saba ni kuangalia na kufunga. Daftari la matukio liwe limewashwa kabla ya ukaguzi kuanza, na baada ya kazi mmiliki alinganishe: je, utambulisho wa mkaguzi ulitumika katika tarehe zilizokubaliwa tu, na ulitazama yale tu yaliyokubaliwa? Kisha wadhifa ufutwe au uzimwe hadi ukaguzi mwingine.

Lipo jambo moja zaidi ambalo husahaulika. Ripoti ya ukaguzi ni ramani ya matundu ya mfumo. Ikianguka katika mikono isiyostahili, humwokolea mhalifu kazi ya kutafuta. Ihesabiwe kuwa hati ya siri, wapewe wanaohusika na marekebisho tu, na isisambazwe katika makundi ya mazungumzo.

Sheria zinavyoelekeza

Kwa taasisi za umma, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza matumizi ya TEHAMA serikalini. Taasisi hizo, zikiwemo halmashauri za wilaya, hutakiwa kuzingatia viwango na miongozo ya Mamlaka hiyo, na usalama wa mifumo ni sehemu yake. Kwa hiyo ofisa wa TEHAMA katika halmashauri hapaswi kupakua programu ya ukaguzi na kuielekeza katika mfumo wa Serikali kwa uamuzi wake binafsi, hata kama nia yake ni njema.

Kwa taasisi za umma na za binafsi kwa pamoja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria hiyo, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi ajisajili kwa Tume, achukue hatua za kuzilinda, na azingatie masharti yaliyowekwa anapozisafirisha nje ya nchi.

Kwa mfano wa Utende, maana yake ni hii. Mmiliki ndiye mkusanyaji wa taarifa za wageni. Hawezi kusema kwamba usalama ni kazi ya kampuni ya wingu, wala kwamba ni kazi ya mtaalamu wa Dar es Salaam. Akimpa mtaalamu ruhusa ya kusoma pasipoti ilhali kazi ilikuwa kutazama mipangilio tu, amefungua taarifa za watu kwa mtu ambaye hakuzihitaji. Uchaguzi wa kifurushi cha ruhusa, unaoonekana kuwa jambo dogo la kiufundi, huwa umegeuka kuwa suala la wajibu wa kisheria.

Mwananchi anahusika vipi

Mwananchi wa kawaida hataandaa wadhifa wala kusoma daftari la matukio. Hata hivyo, anayo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, ukaguzi halali wa mfumo hauhitaji nywila ya mwananchi, namba yake ya siri ya huduma za fedha, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Programu ya ukaguzi ina utambulisho wake na hutazama mipangilio ya mfumo. Yeyote anayepiga simu akidai anakagua mfumo wa malipo na kuomba namba ya siri ni tapeli. Ujumbe wa kitapeli unaopokelewa kwa simu unaweza kutumwa kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti ulaghai wa aina hiyo.

Pili, mwananchi anayo haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani, na kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Anapoombwa nakala ya kitambulisho na biashara yoyote, anaweza kuuliza itahifadhiwa wapi na nani ataiona. Akiona sheria imekiukwa, anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tatu, mwenye biashara ndogo anayetumia huduma za wingu, hata kama ni hazina ya mafaili tu, anaweza kuanza na mambo yasiyo na gharama: kuwasha uthibitisho wa hatua mbili katika akaunti kuu, kufuta akaunti za walioondoka, na kuweka nakala rudufu mahali ambapo ufunguo wa kila siku haufiki. Code Spaces ilikosa hilo la mwisho, na haikupata nafasi ya pili.

Kwa wakazi wa kisiwa, suala hili lina uzito wa pekee. Huduma za mtandao zimepunguza ulazima wa kuvuka bahari kwa ajili ya hati moja au malipo ya mara moja. Mfumo ukivamiwa na kufungwa, safari hizo hurudi, pamoja na gharama zake na siku zinazopotea. Ukaguzi wa mara kwa mara husaidia kuzuia hali hiyo, mradi anayekagua amepewa kiasi kinachomtosha kuona kasoro na kuisema.

Katika mfano wa Utende, kazi ikifanyika ipasavyo huisha kwa utulivu. Ripoti inaonesha hazina moja iliyoachwa wazi na akaunti mbili za waliokuwa watumishi. Mmiliki anafunga hazina, anafuta akaunti, kisha anauondoa wadhifa wa mkaguzi katika orodha. Msimu wa papa potwe unapoanza, wageni wanaendelea kutuma pasipoti zao, na hakuna ufunguo wa mkaguzi uliobaki ukining'inia mlangoni.